Mwizi Aliyeacha Mayai Matatu

Sanduku lilikuwa wazi, na mayai hamsini na matano ya kasa ng'amba hayakuwemo.

Inspekta Kache Tsofa aliliinamia, mikono nyuma, kama mtu anayechungulia chungu cha jirani. Ndani mlikuwa na mchanga mweupe. Katika mchanga ule mlikuwa na vishimo vya mviringo, safu kwa safu, kila kimoja kizima. Pembeni, karibu na kipimajoto, yalibaki mayai matatu.

"Tafadhali usiguse, afande."

Kache hakupenda kuambiwa asiguse. Miaka kumi na tisa katika upelelezi, na mikono bado nyuma! Aligeuka. Mlangoni alisimama mwanamke wa miaka thelathini na kitu, buibui limekaa vizuri, macho mekundu kwa kulia.

"Nani wewe?"

"Daktari Umaima Quresh. Utafiti huu ni wangu."

Kache alilisikia lile neno "wangu", akaliweka kando. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe ya zamani, katikati ya Mji wa Kale, kichochoroni ambako hata tuktuk hukata tamaa. Watafiti wa kasa na misitu ya pwani walikuwa wamepanga ghorofa ya kwanza. Kufuli la chumba cha mayai halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa ufunguo, likafungwa tena kwa ufunguo.

"Funguo ngapi?"

"Tatu. Wangu, wa Lewis na wa Everlyne."

"Na mayai haya yana nini hata yaibwe?"

Umaima alishusha pumzi. "Ng'amba hakutaga kwenye ufuo wetu kwa miaka minne. Huyu mmoja alitaga ukingoni mwa msitu, chini ya kivuli cha miti. Maji makubwa yangekizoa kiota, ndipo tukakihamishia hapa. Kasa, afande, hawi dume wala jike mwanzoni. Joto la mchanga ndilo linaloamua. Penye kivuli hutoka madume. Miti ikikatwa, mchanga unachemka, hutoka majike watupu. Nataka nionyeshe kwamba msitu wa pwani ukiisha, kasa nao wameisha."

"Yangeanguliwa lini?"

"Kesho au keshokutwa. Na keshokutwa maafisa wa wanyamapori wanakuja kukagua. Kibali kina jina langu. Mayai yasipoonekana, itasemwa nimeyauza. Utafiti wa miaka sita utafungwa, nami labda nifungwe nao."

Hilo lilieleweka. Mayai ya kasa yana wanunuzi wake, watu wanaoamini kwamba yanarudisha nguvu ambazo umri umeshazichukua.

"Haya matatu mwizi aliyaachia nini?"

Umaima alikaribia, akakunja uso. "Yamekufa. Yaangalie, yamegeuka manjano. Lililo hai huwa jeupe kama chokaa."

"Muuzaji angeyabagua?"

"Mnunuzi hajui tofauti. Angebeba yote."

"Na hivi vishimo?"

Umaima aliinama, akavitazama kwa karibu. "Yai la kasa likishatulia mchangani halipinduliwi, kilichomo kinaweza kufa. Tunatia alama ya penseli juu yake, tunaliinua wima, alama ikitazama juu. Aliyechukua haya aliyainua moja moja hivyo hivyo."

"Kama angekuwa mwizi wa sokoni?"

"Angechota kwa mikono miwili."

Kikulacho ki nguoni mwako, Kache alijisemea. Alama za vidole zilichukuliwa kwa ajili ya faili tu. Watu watatu wanaolishika sanduku kila siku, alama zao zingesema nini kipya?

Chini, mlangoni, mlinzi alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki.

"Shikamoo, mzee Chonga."

"Marahaba, mwanangu. Mie sikuiba."

"Sijakuuliza bado. Jana uliuacha mlango?"

"Nilikwenda kuswali Magharibi. Msikiti ndo huo hapo. Ukipiga chafya hapa, imamu akuombea rehema kule."

"Uliondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu. Nikarudi saa moja na dakika kumi. Nilifunga. Lakini wenyewe wana funguo zao, na kila mtu hapa ajua Chonga haikosi Magharibi."

"Umewahi kuwaona wakigombana?"

Mzee alicheka bila sauti. "Wagombane? Wasomi hawagombani, mwanangu. Wasomi wavimbiana."

Lewis Kalama, mtafiti wa misitu, alikutwa ofisini akiwa amezungukwa na ramani za miti. Alikuwa mwembamba, mwenye haraka, na alianza kujitetea kabla kiti hakijavutwa.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Peke yangu. Najua inavyosikika."

"Mnaelewana na Daktari Umaima?"

"Tunafanya kazi pamoja."

"Nimeuliza kama mnaelewana."

Lewis alisukuma ramani. "Afande, nimepima miti elfu moja na mia mbili kwa mkono huu. Kila kivuli anachokitaja yule ni kivuli changu. Wageni wakija, wanapiga picha mayai. Umewahi kuona mtu amepiga picha mti?"

"Kwa hivyo una wivu."

"Ninao. Ninao tele, sikatai. Lakini yai la kasa mimi hata kulishika naogopa. Muulize yeyote."

Kache alimwamini nusu. Mwenye kijicho wa kweli, kwa kawaida, hakitaji.

Wa tatu alikuwa Everlyne Chengo, mfanyakazi wa ufuoni. Mwanamke wa miaka arubaini na kidogo, ngozi iliyopigwa na jua, penseli imechomekwa kwenye nywele zilizofungwa kisogoni. Alikaa wima, mikono magotini.

"Kazi hii umeifanya miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Kiota cha ng'amba alikiona nani?"

"Fomu imeandikwa Daktari Umaima."

"Sikuuliza fomu."

Everlyne alitazama dirishani. "Alfajiri ile nilikuwa peke yangu, afande."

"Inakuuma?"

"Kazi ni kazi."

"Jana jioni?"

"Nilikuwa kwangu Ganjoni. Nilikuwa nafua."

"Na Daktari Umaima?"

"Hukaa dukani kwa babake, Biashara Street, mpaka wafunge. Ndivyo alivyo kila Jumanne."

Watatu, na wote watatu wangeweza. Umaima mwenyewe angeweza kuondoka dukani akarudi. Duka la vitambaa jioni huwa na watu wengi kiasi kwamba hakuna anayemhesabu binti wa mwenye duka. Kache alirudi juu, akasimama tena mbele ya sanduku. Ndipo alipoliona daftari.

Lilining'inia kwa uzi kwenye msumari, kando ya sanduku. Karatasi zake zilikuwa na mistari mitatu kwa kila siku: joto la asubuhi, la mchana, la saa kumi jioni. Siku ya jana ilikuwa na mistari minne.

"Daktari, njoo."

Umaima alikuja.

"Huu wa mwisho nani aliuandika? Saa kumi na mbili na dakika arubaini. Nyuzi ishirini na tisa na nusu."

"Hakuna anayepima saa hiyo." Umaima alisogeza uso. "Na hakuna sahihi. Kila mpimaji hutia sahihi."

"Mwandiko?"

"Hautakusaidia. Tumefundishwa namba za aina moja, sote, zisichanganyike. Hata Lewis huandika hivi hivi."

"Aliyewafundisha nani?"

"Everlyne. Zamani."

Kache aliutazama mstari ule muda mrefu. Saa kumi na mbili na dakika arubaini, mzee Chonga alikuwa msikitini. Basi aliyesimama hapa, mayai mkononi, roho juu, alikuwa mwizi. Na mwizi gani huyo anayekuja kuiba, kisha akaandika joto?

Simu ilitetemeka mfukoni. Alisoma jina, akajinyoosha.

"Afande," alisema Kache.

"Umefika wapi?" Sauti ya Sufyan, tulivu, ya kiofisi. Sufyan, kijana ambaye Kache ndiye aliyemfundisha kuinua alama za vidole kwenye kioo, alipandishwa cheo mwezi uliopita. Sasa ni Chifu Inspekta, na Kache humpigia saluti. Mkono hupanda, moyo hubaki chini.

"Nipe mpaka mchana, afande."

"Kache, mwenye kibali ni yule daktari. Mayai yamepotea mikononi mwake. Mlete kituoni, ataeleza huku huku."

"Mpaka mchana."

"Saa saba. Isizidi." Simu ikakatwa.

Kache aliirudisha mfukoni akiwa amekasirika, na hasira yake aliijua vizuri, wala haikuwa ngeni. Alimwonea Sufyan wivu. Alimwonea alipoingia ofisini, alipokunywa chai, hata kijana alipomsifu yeye Kache, na hapo ndipo ilipouma zaidi. Wiki ile ile kijana aliyopandishwa, Kache alikuwa amekaa mezani kwake akiwaza kulificha faili moja la Sufyan siku mbili tu, lisipotee, lisiharibike, aone tu kijana akihangaika. Hakulificha. Lakini alijua droo ambamo angelitia.

Akalitazama sanduku upya. Mayai yaliyoinuliwa wima. Yaliyokufa yakaachwa. Joto likapimwa. Mtu huyu hakutaka mayai yafe. Alitaka mtu mwingine ayakose.

Akawaita wote watatu ndani ya chumba cha mayai. Palikuwa na sanduku la pili pale, la kasa wa kawaida, ambalo mwizi hakuligusa.

"Nataka kujua kulifungua sanduku hili huchukua muda gani," alisema, akitoa saa yake. "Kila mmoja alifungue, atoe yai moja, alirudishe. Bwana Lewis, anza."

Lewis alijikuna shingo. Alifungua kifuniko kwa vidole viwili, akatazama ndani kama aliyeonyeshwa nyoka, akauliza, "Hapa pembeni au hapa kati?" Yai halikutoka. Umaima alimwambia aache kabla hajaua.

"Daktari."

Umaima alitoa simu kwanza, akasoma joto linalotumwa na kifaa kilichofukiwa mchangani, akaridhika. Akafungua, akainua yai wima, akalirudisha. Dakika moja na nusu. Daftari hakulitazama.

"Everlyne."

Everlyne alipiga hatua mbele. Alifungua kifuniko, akakiegemeza ukutani. Akachukua kipimajoto, akakidunga mchangani, midomo ikihesabu polepole bila sauti. Alipomaliza kuhesabu, alikichomoa, akakisogeza penye mwanga. Mkono wa kulia ulikwenda kisogoni wenyewe, ukatoa penseli, ukashuka kwenye daftari linaloning'inia.

Ncha ya penseli iligusa karatasi, ikasimama.

Everlyne aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Endelea," Kache alisema taratibu. "Andika."

"Afande..."

"Jana uliandika. Ishirini na tisa na nusu."

"Nimefanya hivi miaka kumi na mmoja," alisema Everlyne. "Sikumbuki hata kama niliandika."

"Najua hukumbuki. Mayai yako wapi?"

"Kwangu. Yako hai." Akakaa juu ya kreti, penseli bado mkononi.

"Everlyne!" Umaima alipiga ukelele. "Wewe? Wewe wa kunifanyia hivi mimi?"

"Daktari, nyamaza kidogo," Kache alisema. Kisha akamgeukia mshukiwa, akamsomea haki zake, akavuta kreti nyingine, akakaa mbele yake. "Sema sasa."

"Ukiona vyaelea vimeundwa, afande. Nami ndimi niliyemuunda huyu. Alipokuja, hakujua alama za kasa anayepanda na za anayeshuka. Nilimfundisha mpaka kutembea kwenye mchanga. Akiniita mwalimu. Mwalimu, mwalimu, hata watu wa ufuoni wakadhani ndilo jina langu. Akaenda kusoma. Aliporudi na udaktari wake, nikawa Everlyne."

"Watu huitwa majina yao."

"Ndiyo. Nikameza." Aliifuta ncha ya penseli kwa kidole. "Lakini sisi wa ufuoni tuna desturi yetu. Haijaandikwa popote. Anayekiona kiota ndiye mwenye kiota. Siku ya kutoka, yeye hupiga magoti mbele, wengine wakae nyuma yake, naye ndiye anayewahesabu kwa sauti mpaka wa mwisho. Nimehesabu kasa wa kawaida, sijui mara ngapi. Ng'amba sijapata hata mmoja. Mwaka huu nikampata. Nililia pale pale ufuoni. Nilimpigia simu huyu nikilia."

Umaima aliangalia sakafu.

"Wiki iliyopita akatuambia siku ya kutoka watakuja wafadhili, na kamera, na wageni wawekewe viti hapa. Nikamuuliza, mimi nikae wapi? Akanambia nibaki ufuoni, doria isikatike. Halafu akanipa leso, za dukani kwa babake. Doti nzima, nzuri sana, siwezi kusema uongo." Sauti yake ilianza kupasuka. "Wageni wapewe ng'amba, na mimi nipewe leso! Nilikwenda nazo nyumbani, nikazikunja, nikazitazama usiku kucha. Nikasema, hatawaona kasa hawa. Hata mmoja hatamwona huyu. Niwaone mimi, peke yangu, nihesabu, kisha niwapeleke baharini, anifunge akitaka."

"Fomu ilitaka jina la mwenye kibali," Umaima alisema kwa sauti ndogo.

"Mstari wa kwanza. Mstari wa pili ni wa aliyekiona. Ulijaza jina lako mara mbili."

Umaima alikifunga kifuniko cha sanduku la pili.

Saa saba kasorobo walikuwa Ganjoni, ghorofa ya nne, chumba kimoja safi chenye kitanda na jiko la gesi. Ndoo kubwa ya rangi ilikuwa chini ya kitanda, imejaa mchanga, imefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, na kipimajoto kimesimama ndani yake. Ukutani palibandikwa karatasi iliyopigwa mistari. Everlyne alikuwa amepima joto kila saa tangu jana jioni, hata usiku. Kote alikuwa ametia sahihi.

Umaima alipiga magoti, akafukua mchanga wa juu kwa ncha za vidole. Akatulia.

"Limetoboka," alisema. "Moja limeshatoboka."

Everlyne alijisogeza mbele, pingu zikalia. Kwenye ganda jeupe palikuwa na tundu dogo, na ndani ya tundu kitu cheusi kilisogea, kikapumzika, kikasogea tena. Wote wanne waliomo mle, pamoja na koplo aliyebeba ufunguo wa gari, waliinamia ndoo ile.

"Afande," Everlyne alisema bila kuinua macho, "mahakamani ni saa ngapi kesho?"

"Saa tatu asubuhi."

"Watatoka asubuhi. Kabla ya saa tatu, au hapo hapo." Aliinua mikono yenye pingu. "Siwezi kukaa hapa mpaka kesho? Nifungeni kwenye kitanda. Sitakwenda popote."

Kache alitamani kukubali. Alitamani kwa moyo wote, kwa sababu alimwona yule mwanamke na akajiona, na droo yake na lile faili. "Siwezi, dada. Kesi ya wanyamapori haina msamaha wa nyumbani. Hata daktari hawezi kukusamehe. Mlalamikaji ni serikali."

"Nakusamehe," Umaima alisema ghafla, kama hakusikia. Alikuwa bado amepiga magoti. "Na mimi nina la kusema, afande aandike asiandike. Fomu niliijaza kwa makusudi. Nikipita ufuoni peke yangu, wavuvi huniuliza, Everlyne yuko wapi? Watoto huniuliza. Nasimama mbele ya watu na vyeti vyangu vyote, nasema kiota kiko hapa, na watu wanakutazama wewe kwanza, ukiitikia ndipo waamini. Miaka sita. Nilitaka kitu kimoja tu ambacho hakitakuwa chako."

Everlyne alimtazama, na usoni mwake hapakuwa na ushindi. "Kwa nini hukunambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba nakuonea wivu?"

Hakuna aliyecheka. Kache alijaza fomu ya vielelezo: ndoo moja, mchanga, mayai hamsini na matano, moja limetoboka. Alimpigia Sufyan, akasema mayai yamepatikana na mshukiwa amekiri. Sufyan akasema, "Kazi nzuri, Inspekta," na Kache akasema ahsante. Akapanga ndoo isisogezwe, ibaki na koplo na daktari mpaka afisa wa wanyamapori afike.

"Usiwasaidie kutoka," Everlyne alimwambia Umaima alipokuwa akiinuliwa. "Hata akikwama. Mwache ajitoe mwenyewe, ndipo apate nguvu ya maji."

"Ndiyo."

"Wasione taa nyeupe."

"Ndiyo. Naandika." Kweli alikuwa akiandika, amechukua kipande cha karatasi na penseli ya Everlyne mwenyewe.

"Na uwahesabu kwa sauti, hata kama uko peke yako."

"Nitawahesabu."

Walishuka. Ngazi zilikuwa nyembamba, Everlyne mbele, Kache nyuma yake, mkono begani. Ghorofa ya pili Everlyne alisimama, akainua uso.

"Saa nane jua huingia dirishani!" alipaza sauti. "Lifunge!"

"Nimeshalifunga!" Umaima alijibu kutoka juu.

Everlyne alibaki amesimama pale, mdomo wazi kidogo, akitafuta jambo jingine la kumwambia. Halikuwepo. Kache alimngoja muda kidogo, kisha akamshika kiwiko, wakaendelea kushuka.